Joto la Kompyuta ya Kupakata na Kazi ya Feni Yake

Kila mtoto aliyepata kunywa uji asubuhi amekwisha kujua nusu ya somo hili, ijapokuwa hajui kwamba analijua. Uji utokapo jikoni ukiwa wa moto, mama huumimina katika sahani pana, wala hauachi katika kikombe kirefu, kisha huupuliza. Kwa nini sahani pana? Kwa kuwa uji uliotandazwa hugusana na hewa mahali pengi, na joto lake hupata njia nyingi za kutokea. Kwa nini kuupuliza? Kwa kuwa hewa iliyokaa juu ya uji hupata joto upesi, nayo ikiisha kupata joto haichukui tena. Sharti iondolewe, ije nyingine iliyo baridi ishike zamu. Kutandaza na kupuliza: shikeni mambo haya mawili, maana tutayakuta tena ndani ya mashine.

Siku hizi shule nyingi zina kompyuta ndogo ile ifungwayo kama kitabu, iitwayo kompyuta ya kupakata, au laptopu. Ukitega sikio karibu nayo utasikia sauti kama ya upepo upitao penye ufa wa dirisha. Ukiweka kiganja ubavuni au nyuma yake, utaona hewa ya vuguvugu ikitoka. Hiyo ni kazi ya feni ndogo iliyomo ndani, ndugu yake pangaboi lililoning'inia darini katika nyumba za pwani. Watu wengi huisikia sauti hiyo miaka mingi wasiulize ni ya nini. Mimi nilikuwa mmoja wao, na kutouliza kwangu kuliwagharimu watoto wasio na hatia. Nitawasimulia mbele kidogo.

Kwanza tujue joto latoka wapi. Ndani ya kompyuta mna kipande chembamba cha silikoni, kadiri ya ukucha wa kidole gumba, nacho ndicho kifanyacho hesabu zote. Huitwa prosesa. Ndani ya prosesa mna swichi ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ziitwazo transista, nazo ni maelfu ya mamilioni. Kila swichi ifungukapo na kufungika hupitisha umeme kidogo, na kila umeme upitapo huacha joto kidogo. Taa hula umeme ikatoa mwanga, na kinu cha umeme hula umeme kikasaga mahindi. Lakini kompyuta hutoa hesabu, na hesabu haina uzito wala mwendo. Kwa hiyo karibu umeme wote uingiao katika prosesa hugeuka kuwa joto. Prosesa ya kompyuta nyepesi hutumia kama wati 15 ifanyapo kazi. Ile ya kompyuta ya michezo hutumia 45 au zaidi. Wati 15 si nyingi, mtasema. Ni kweli, lakini zimesongamana mahali pa ukucha, wala hazina sahani pana.

Jambo hili si geni. Kompyuta iitwayo ENIAC, iliyoonyeshwa kwa watu mwaka 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, Marekani, ilikuwa na taa za kioo ziitwazo vali zipatazo 18,000. Uzito wake ulikuwa kama tani 30, na ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Ilijaza chumba kikubwa, na ilibidi ipuliziwe hewa kwa mitambo ya upepo iliyowekwa kwa kazi hiyo tu. Walioijenga walijua tangu mwanzo kwamba kompyuta isiyopepewa haidumu. Tofauti ni kwamba leo kitu kifanyacho kazi kubwa kuliko ile huchukuliwa kwapani, na upepo wake wote hauna budi kupita katika mwanya usiozidi unene wa kidole.

Joto hupimwa kwa nyuzi. Kipimo tutumiacho kina jina la Anders Celsius, mwana wa elimu ya nyota wa Uswidi, aliyekitoa mwaka 1742. (Yeye aliyaita maji yachemkayo sifuri, na barafu iyeyukayo 100, waliomfuata wakakipindua, nasi twawashukuru.) Mtu mwenye afya ana nyuzi 37 hivi, na akifika 40 twamkimbiza hospitalini. Lakini msiipime kompyuta kwa kipimo cha mtu. Nyuzi 40 kwake ni usingizi.

Kompyuta iliyowashwa na isiyo na kazi, ikiwa katika chumba chenye nyuzi 25, kwa kawaida prosesa yake huwa kati ya 35 na 50. Ukiandika barua au kusoma habari hupanda hadi 50 au 65. Ukiipa kazi nzito, kama kuunganisha picha za sinema au kucheza michezo yenye picha nyingi, huenda ikafika 75, 80, hata 90, nayo ingali salama. Mpaka wa mwisho huwekwa na mtengenezaji: prosesa nyingi za Intel zitiwazo katika kompyuta za kupakata zina mpaka wa nyuzi 100, na baadhi 105, nyingi za AMD zina mpaka wa 95 au 100. Fikirini, hilo ni joto la maji yachemkayo, nalo limo katika kitu kilichokaa juu ya meza ya mwalimu! Mashine ikigusa 90 kwa kitambo unapofungua programu kubwa, kisha ikashuka, usiogope. Ikikaa katika 95 saa nzima, na wewe unaandika barua tu, ujue pana jambo. Vipimajoto vidogo vimo ndani ya prosesa yenyewe, na mtu aweza kuvisoma: penye Linux kuna amri iitwayo sensors, na penye Windows kuna programu kama HWiNFO, ambayo katika mashine nyingi huonyesha pia mbio za feni.

Sasa tufuate njia ya joto kutoka kwa prosesa hata nje. Prosesa ni ndogo mno kupulizwa yenyewe. Juu yake hupakwa dawa nzito kama uji wa ulezi, ipitishayo joto vizuri, na juu ya dawa hiyo hulazwa kibati cha shaba. Kutoka kibatini huenda bomba bapa la shaba, ambalo wengi hudhani ni shaba tupu kama fimbo. Sivyo. Lina uwazi ndani, limefungwa ncha zote mbili, hewa imetolewa, na maji kidogo sana yametiwa. Kwa kuwa hewa imetolewa, maji hayo huchemka mapema, kabla ya kufika nyuzi 100. Upande wa prosesa maji hugeuka mvuke. Mvuke hukimbilia upande ulio baridi. Huko hugeuka maji tena na kuliacha joto lake. Kisha maji hurudi yalikotoka, yakinywewa na utando wenye vitundu uliomo ukutani mwa bomba, kama utambi unywavyo mafuta ya taa. Funueni kifuniko cha sufuria ya wali, mtaona matone chini yake: ni mvuke uliogeuka maji, na kifuniko kimepata moto kwa sababu hiyo hiyo. Mwana wa elimu aitwaye George Grover, huko Los Alamos, Marekani, alitengeneza bomba la namna hii mwaka 1963, ijapokuwa wazo lake lilikuwa limeandikwa na mwingine kabla yake. Mimi kwangu hakuna kitu ndani ya kompyuta kinachonipendeza kuliko bomba hili. Halina gurudumu, halina umeme, halipigi kelele, na kazi yake haikomi maadamu upande mmoja ni wa moto na wa pili ni baridi.

Mwisho wa bomba mna vibati vyembamba vingi, vimesimama sambamba kama kurasa za kitabu. Hayo ni mapezi. Hapo ndipo uji ulipotandazwa katika sahani. Feni huvuta hewa, mara nyingi kutoka matundu yaliyo chini ya mashine, na kuisukuma kati ya mapezi hata nje. Hapo ndipo mama anapopuliza. Kumbe mashine hii ya ajabu haikupata njia nyingine ipitayo ile ya jikoni!

Mbio za feni huhesabiwa kwa mizunguko kwa dakika. Kompyuta ikiwa haina kazi, feni husimama kabisa au huzunguka kama mara 2,000 kwa dakika. Kazi ikizidi huenda 3,000 au 4,000. Kazi nzito ikifika huweza kupita 5,000. Mtauliza, kwa nini isizunguke kwa nguvu zake zote siku zote, joto lisipate nafasi hata kidogo? Sikilizeni hesabu. Feni ikizidisha mbio zake mara 2, hewa isukumwayo huzidi mara 2, lakini nguvu itakiwayo kuizungusha huzidi 2 × 2 × 2, yaani mara 8. Ikizidisha mara 3, hewa ni mara 3. Nguvu je, ni mara ngapi? Fanyeni wenyewe. Basi feni ikimbiayo bure hula umeme wa betri, huchakaa upesi, huvuta vumbi jingi zaidi na kuwasumbua watu kwa kelele. Kwa sababu hiyo mtengenezaji ameweka msimamizi mdogo ndani, asomaye kipimajoto kila mara na kuamuru mbio za feni. Tena msimamizi huyo amefundishwa asiwe na kigeugeu: mathalani huiwasha feni joto lifikapo nyuzi 55, lakini haizimi mpaka limeshuka hadi 45, ama sivyo feni ingewaka na kuzima kila nukta kama mtoto achezeaye taa.

Feni ikiisha kufika mwisho wa mbio zake, na joto lingali likipanda, prosesa hufanya kama mpagazi mwenye akili apandaye mlima: hupunguza mwendo. Iliyokuwa ikipiga mapigo 3,000,000,000 kwa sekunde huenda ikashuka hadi 1,000,000,000. Joto hupungua, na kazi huwa ya kobe. Mwenye mashine huona uzito huo akasema imezeeka, akaenda kununua nyingine, kumbe haikuwa na ugonjwa ila kukosa pumzi. Na kama hata hivyo joto halishuki, mashine hujizima ghafla, bila kuaga, ili isiungue. Kazi isiyohifadhiwa hupotea papo hapo.

Hapo ndipo nitimize ahadi yangu. Miaka michache iliyopita shule niliyokuwa nikifundisha, karibu na pwani, ilipata kompyuta moja, nikakabidhiwa mimi. Nikaitunza kama mama yangu alivyoitunza redio yake: nikaifunika kitambaa cheupe kilichofumwa ukingoni, vumbi lisiingie. Hata nilipokuwa nikiitumia, kitambaa kilibaki nyuma kikining'inia juu ya matundu. Darasani nikaona feni ina kelele, nikaingia katika mipango ya mashine nikachagua hali ya ukimya, iizuiayo feni isikimbie. Jioni nyumbani nikaiweka juu ya godoro, likaziba matundu ya chini. Sikufanya hata moja la haya kwa uzembe. Yote niliyafanya kwa kuiheshimu.

Mwezi wa Novemba nikawa naandika alama za mtihani wa mwisho wa mwaka. Ilikuwa siku ya joto kali. Tangu saa nane mashine ilikuwa nzito, nami nikaulaumu umri wake. Saa kumi ikazima. Nikaiwasha, ikakaa dakika chache, ikazima tena. Alama za hesabu za darasa zima hazikuwa zimehifadhiwa, na karatasi za majibu nilikuwa nimekwisha kumpa mpishi awashie moto, kwa jinsi nilivyoiamini mashine. Watoto 43 wakafanya mtihani wa hesabu mara ya pili kwa sababu yangu. Mmoja wao, msichana, alikuwa amepata alama nzuri mara ya kwanza. Mara ya pili alikuja na homa, akapata chache. Nilikumbuka kwamba alikuwa amefanya vizuri, lakini sikukumbuka alama zenyewe, wala sikuwa na karatasi ya kumtetea.

Nikaipeleka mashine kwa fundi, kijana niliyepata kumfundisha. Akanipa shikamoo, akaigeuza, akafungua kifuniko cha chini, na kwa kibanio akavuta kutoka kati ya feni na mapezi kitu bapa, cha kijivu, kama kipande cha blanketi. Yalikuwa mavumbi na nyuzi za kitambaa zilizoshikamana. “Mwalimu,” akasema, “hewa ingepita wapi?” Kabla ya kuisafisha alikuwa amesoma nyuzi 97, hali hakuna kazi ila kuandika. Alipoisafisha, akapaka dawa mpya juu ya prosesa, akaifungulia feni mbio zake, akasoma 61. Na ajabu ni kwamba feni ilikuwa na kelele ndogo kuliko siku zote, kwa kuwa haikuhitaji tena kuhangaika.

Tuongeze jambo moja ambalo vitabu vya nchi za baridi hulipita haraka. Feni haiwezi kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa iingiayo. Hupunguza tu tofauti iliyo kati yao. Kwa hiyo hewa ya chumba ikizidi uzi mmoja, prosesa nayo huzidi kama uzi mmoja, kazi na mbio za feni zikiwa zile zile. Mashine inayokaa katika nyuzi 80 ndani ya chumba cha nyuzi 20, ukiihamishia chumba cha nyuzi 32 kama vyumba vya Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi, itakaribia 92. Mtu wa Nairobi asijisifu mno, maana ingawa hewa yake ni baridi, mji wake uko juu, zaidi ya meta 1,700 kutoka baharini, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika sita. Feni husukuma ujazo ule ule, lakini ndani ya ujazo huo mna hewa kidogo ya kubeba joto.

Betri huchukia joto kuliko prosesa. Betri za lithiamu, ambazo kwa ajili ya kazi yake John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, kwa kawaida hazitakiwi kutiwa umeme zikiwa chini ya nyuzi 0 au juu ya 45, na joto la daima huzizeesha. Kampuni ya Apple huwaambia wenye kompyuta zake wazitumie mahali penye nyuzi 10 hadi 35, wala wasiziache ndani ya gari lililosimama juani. Betri iliyovimba hata kuinua kifuniko isitobolewe wala isibonyezwe. Mashine izimwe, ipelekwe kwa fundi.

Jina lenyewe la kompyuta hii limewapotosha watu. Isipakatwe. Mapaja na nguo huziba matundu ya chini, na tena madaktari wameona wagonjwa wenye ngozi ya mapaja iliyopata mabaka kwa kupakata mashine ya moto saa nyingi, siku baada ya siku. Iwekwe mezani, na kama nyuma yake itainuliwa kwa vipande viwili vya mbao, hewa itaingia vyema. Kitambaa ni chema kuifunika ikiwa imezimwa na imepoa. Vumbi liondolewe mara kwa mara, hasa mahali penye barabara ya udongo: mashine izimwe kwanza, uzi wa umeme uchomolewe, na atakayepuliza kwa blowa ashike mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke, kwa maana feni ikizungushwa kwa nguvu za nje yaweza kuharibika. Kitambaa cha maji kisikaribie matundu.

Asiye na programu ya kupima ana masikio. Feni ikipiga kelele hali hakuna kazi, huenda mapezi yamezibwa, au programu fulani inafanya kazi kwa siri. Tazameni ni lipi. Feni ikikwaruza kama gurudumu lisilotiwa mafuta, imechakaa na itasimama karibuni. Feni ikiwa kimya na mashine ikiwa ya moto kugusa, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote: ihifadhini kazi yenu na kuizima mara moja. Lakini msishangae mkikuta mashine isiyo na feni kabisa, kama mojawapo ya MacBook Air zilizotoka mwaka 2020. Hiyo hutandaza tu, haipulizi, na kazi nzito ikidumu hupunguza mwendo.

Maswali

Kwa nini hewa iliyokwisha kupata joto sharti iondolewe juu ya uji?

Maji yaliyomo ndani ya bomba la shaba hurudije upande wa prosesa, nayo hayana pampu?

Feni yazunguka mara 2,000 kwa dakika. Ikienda 6,000, itasukuma hewa mara ngapi zaidi, na itataka nguvu mara ngapi?

Kompyuta ina nyuzi 70 katika chumba cha nyuzi 22. Mchana chumba kinafika 31. Prosesa itakuwa na nyuzi ngapi hivi, kazi na mbio za feni zikiwa zile zile?

Mwalimu aliyeandika somo hili alikosa mambo mangapi, na ni lipi ambalo halikuhusu joto hata kidogo?